Ng'ombe Mwekundu Aliyetoka Mweupe

Tangu nirudi hamniachi ninywe kahawa yangu kwa amani. Kila anayekaa kwenye benchi anauliza: Rama, ulikuwa wapi, studio imefungwa, maharusi wa watu wamekwenda kupigwa picha kwa mwingine? Mmoja kasema nilikuwa Mererani. Mwingine kasema nimekamatwa mpakani na magendo. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kwa hiyo nimeandika, na atakayeuliza tena nitampa karatasi asome.

Msitafute maneno ya chuo humu. Niliishia darasa la nne. Studio, nyumba ya Lemara, kamera, vyote nimevipata kwa mikono hii na jicho hili. Nilianza kwa kumbebea mizigo mpiga picha mmoja wa Ulaya aliyekuja kupiga maisha ya watu wanaouzunguka mlima. Yeye alikuwa anapiga, mimi natazama anachofanya na vidole. Alipoondoka aliniachia lenzi zake za zamani, na nadhani sasa hivi nikikutana naye itabidi yeye ndiye abebe mizigo. Harusi na kipaimara napiga kwa ajili ya unga. Kazi yangu yenyewe ni maisha: marobota ya mitumba yakifunguliwa sokoni, maduka mapya yanavyoota mjini tangu biashara ilipofunguliwa, wachuma kahawa, watu wenyewe walivyo. Hakuna mwingine Arusha hii mwenye sanduku la negativu kama langu.

Basi akaja Mama Elibariki. Huyu anauza ndizi Tengeru, ameolewa Akheri, lakini kwao ni Oldonyo Sambu, Mwarusha. Baba yake, Mzee Lobulu, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule juu Nkoaranga. Kidonda cha mguu kimeoza. Daktari anataka kukata chini ya goti kabla sumu haijapanda, na mzee amekataa kuweka dole gumba kwenye karatasi mpaka awaone ng'ombe wake.

"Anasema akikatwa mguu hawezi tena kuwafuata malishoni," akaniambia. "Kwa hiyo anataka kujua kwanza kama bado wapo."

"Kaka yako si amwambie?"

"Amemwambia. Baba anasema mdomo unaweza kusema ng'ombe wapo hata kama wako tumboni mwa watu wa Nairobi."

Kaka yake ni Lomayani, mtoto wa kiume pekee. Mnajua jinsi vijana wa upande ule walivyouza ng'ombe wa baba zao kimyakimya wakaenda kuchimba tanzanaiti. Lomayani naye alikwenda Mererani msimu mmoja, akarudi na kikohozi. Hakuuza hata mbuzi, ila baba yake hakuamini. Na Waarusha hawahesabu ng'ombe, kwao ni mwiko. Mzee hajui wako wangapi, anajua nani na nani. Kwa hiyo kumpelekea namba haisaidii. Anataka sura.

"Umemfikia mwenyewe," nikamwambia. "Baba yako atakatwa."

Akanitazama. "Sema atapona, fundi."

Lemara hadi Oldonyo Sambu

Nilichukua kamera yangu ya Kirusi, nzito kama tofali, na lenzi tatu. Ile ya hamsini, inayoona kama jicho la mtu. Ile pana ya ishirini na nane, ya umati. Na ile ndefu ya mia mbili, inayoonyesha kope zako ukiwa ng'ambo ya barabara. Mkanda nilichagua mweusi-mweupe, kwa sababu huo nausafisha mwenyewe nyumbani kwenye chumba changu cha giza. Mkanda wa rangi ungenifanya nimsubiri mwenye mashine mjini, na mwenye mashine naye anausubiri umeme, na umeme siku hizi mnaujua.

Nikachukua pia kioo changu chekundu. Hiki ni kioo kidogo cha mviringo, unakivisha mbele ya lenzi. Ukipiga nacho, anga la bluu linakuwa jeusi, mawingu yanatoka meupe kama pamba, na mlima unasimama mpaka mtu anauogopa. Picha ya kioo kile huwa haipitwi.

Pikapu iliyonibeba ilipasuka gurudumu kabla hata ya Ngaramtoni, na gurudumu la akiba nalo lilikuwa limepasuka tangu wiki iliyopita. Dereva hakuona ajabu. Tulikaa chini ya ukingo wa barabara, mama mmoja akafungua kikapu akagawa viazi vya kuchemsha kama vile sisi ni watoto wake, na alipojua nakwenda kupiga picha ng'ombe akaniuliza kama mke wangu anajua.

Nilipofika bomani kwa Mzee Lobulu jua lilikuwa linawaka na anga safi kabisa. Nikavisha lenzi ndefu nikaanza kuwatazama ng'ombe mmoja mmoja kwa mbali, kama ninavyofanya siku zote, kuwazoea kwanza. Jirani akaniona. Mara nasikia kelele, na ng'ombe wake wanaswagwa kuelekea korongoni. Alidhani mimi ni dalali wa mabucha, nachagua walionona.

Lomayani alikuja na fimbo, mrefu, uso umefungwa. "Baba amekutuma uje kuona uongo wangu?"

"Amenituma nije kuona ng'ombe."

"Ni kitu kimoja hicho."

Aliyetuokoa ni mama yake, tunayemwita Yeyo, maana kwa lugha yao yeyo ni mama. Alinikalisha, akanipa bakuli la loshoro, yale mahindi yao yenye maziwa ya mgando, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Kisha akatoa masharti. "Kila ng'ombe awe mzima. Pembe mpaka kwato. Nisikuone unaniletea kichwa peke yake. Ng'ombe asiye na miguu ni nyama."

Nikarudisha lenzi ndefu kwenye mfuko. Kwa hamsini, hatua chache tu kutoka kwa mnyama, ng'ombe mzima anaingia na nafasi inabaki. Nikavisha kioo chekundu juu yake, kwa sababu mlima ulikuwa nyuma yao na mimi sijawahi kuuacha mlima umesimama bure. Yeyo alikuwa anawaita kwa majina, Lomayani anawageuza ubavu, mimi nabofya. Mwenye madoa, mweusi mwenye tumbo jeupe, wa kijivu, mwenye pembe moja iliyolala. Na mmoja mwekundu mtupu, hana hata unywele mweupe, anaitwa Nanyokie, yaani mwekundu. Huyo Lomayani alimwendea mwenyewe, akamshika pembe akasimama naye.

"Huyu mpige vizuri," akasema. "Kwa baba, huyu ndiye ng'ombe. Wengine wanamsindikiza."

Nkoaranga, mara ya kwanza

Picha zilitoka, niseme kweli, sijawahi kupiga nzuri kama zile. Lomayani alishuka mjini kunifuata, tukaenda pamoja Nkoaranga. Ile njia ya mkato ya kupanda katikati ya migomba na kahawa inakufanya ukumbuke kila sigara uliyowahi kuvuta. Mama Elibariki alikuwa anatusubiri mlangoni mwa wodi.

Mzee alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa, harufu ya kidonda imezidi ile ya dawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ng'ombe wangu mfukoni?"

Nikampa. Alizishika kwa ukingo, hakugusa sura ya mnyama hata mmoja. Akaanza kucheka peke yake. "Huyu mama yake alikuwa mkorofi vilevile. Huyu alivunjika pembe kwenye mtaro. Na wewe, bado unajificha nyuma ya wenzako." Mama Elibariki alikuwa anafuta macho. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria picha ya mzee mwenyewe akitabasamu.

Kisha akaisogeza picha moja dirishani.

"Huyu wa nani?"

"Ni Nanyokie, baba," Lomayani akasema.

"Nanyokie ni mwekundu. Nilimpa jina siku aliyozaliwa na nilikuwa na macho. Huyu ni mweupe kama bati jipya."

Nikainama nikatazama. Ilikuwa kweli. Kazi ya kioo chekundu ni kupitisha kila kitu chekundu kwa wingi na kuzuia kingine. Kilikuwa kimelifanya anga jeusi kama nilivyotaka, na kikamfanya na Nanyokie awe mweupe, jambo ambalo sikulitaka. Mimi nilikuwa nimetazama mawingu.

"Umemuuza," mzee akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini. "Umemuuza, ukaazima huyu kwa jirani ukasimama naye, ukidhani mguu umenioza mpaka machoni."

"Mzee," nikasema, "kijana hana kosa. Mkanda huu hauna rangi, na mimi nilivisha kioo chekundu. Kioo chekundu kinafanya kitu chekundu kitoke cheupe."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mkono kwenye plasta, akaanza kucheka mpaka kitanda kikalia. "Fundi, na kioo cheusi? Ukivisha kioo cheusi mimi natoka Mzungu? Nivishe basi, nina ndugu Ujerumani nataka kumtembelea."

Nikatoa kile kioo nikamwekea mzee jichoni ajionee. Akatazama kupitia kioo shuka lake jekundu, kisha dirisha, kisha mimi.

"Naona nyekundu," akasema. "Na wewe naona ni mwekundu." Akanirudishia. "Nendeni."

Daktari aliniita koridoni. Mtu mpole, anaongea taratibu. "Homa imeanza. Naweza kungoja mpaka Ijumaa, baada ya hapo hata nikikata nitakuwa nimechelewa. Na bila ridhaa yake simgusi." Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nje Lomayani alikuwa amekaa kwenye ngazi. "Fundi, umeniua."

"Nitakufufua," nikamwambia. "Twende."

Usa River hadi Ngarenanyuki

Kurudi Oldonyo Sambu kusingesaidia. Majani ya upande ule yalikuwa yamekwisha, na ng'ombe walikuwa wameondoka na Yeyo na binamu za Lomayani kuelekea malisho ya kaskazini, nyuma ya mlima, karibu na Ngarenanyuki. Nikanunua mkanda mmoja wa rangi, mpya, kwenye boksi, na Jumatano asubuhi tukapata lori tupu lililokuwa linakwenda kuchukua nyanya.

Dereva alikuwa mtu mnene mwenye maneno. Aliposikia safari yetu akasema, "Na mimi nipige basi. Mke wangu anasema nina sura ya ng'ombe."

"Mkanda huu ni wa kesi," nikamwambia. "Hata Rais akinisimamisha simpigi."

Akanuna. Injini nayo ikanuna. Ikachemka kwenye kilima, ikachemka tena karibu na Momella, na mara ya tatu ikazima kabisa mahali ambapo nyati walikuwa wamesimama pembeni wakitutazama kama wadai. Hatukuweza kushuka kutafuta maji. Tulikaa ndani ya kebini watatu, tukila muhogo mkavu wa dereva bila chumvi, mpaka wanyama walipochoka na sisi wakaondoka. Nikamhurumia dereva, nikampiga kwa kipande cha mkanda mweusi-mweupe kilichokuwa kimebaki kwenye mfuko, amesimama na lori lake mzima mzima, viatu na magurudumu yote ndani. Baada ya hapo injini ikawaka. Sisemi ni kwa sababu yangu.

Alitushusha panda ya njia, tukatembea. Vumbi la upande ule ni jepesi kama unga wa muhogo, linaingia kila mahali, na mimi nilivua shati nikaifunga kamera, nikatembea na fulana. Lomayani alikuwa mbele. Nilimwambia apunguze mwendo, akaniambia kidonda cha mzee wake hakipunguzi.

Tulipowakuta ng'ombe jua lilikuwa limelala. Mwanga wote wa dhahabu, kila unyasi una kivuli chake. Lomayani alimkimbilia Nanyokie, akamleta kwa pembe. Alikuwa mwekundu mpaka anawaka.

"Piga, fundi. Piga sasa hivi turudi."

"Sipigi."

"Umesema?"

"Sipigi jioni."

Nilidhani atanipiga yeye. Alikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. "Baba yangu anaoza, na wewe unachagua saa?"

"Tazama yule mweupe pale," nikamwambia. "Yule ndama karibu na mama yako. Sasa hivi ana rangi gani?"

Akageuka. Alitazama muda mrefu.

"Mwekundu," akasema.

"Basi. Mkanda wa rangi ukiupigia saa hii, kila mnyama ni Nanyokie. Baba yako atasema umeazima mwingine ukampaka jua. Nimekosea mara moja. Sirudii."

Akamwachia ng'ombe pembe, akaenda kumsaidia Yeyo kukamua.

Malishoni

Kesho yake asubuhi sikupiga jua lilipochomoza, maana jua la kuchomoza nalo lina wekundu wake. Nilisubiri lipande, nikinywa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, huku Yeyo akiniuliza kama kazi yangu siku zote ni ya kukaa.

Lilipopanda vya kutosha nikavisha hamsini, haina kioo, haina urembo. Mlima ulikuwa nyuma yetu, upande wake ule uliobomoka, mzuri kuliko siku zote, na nikaupa mgongo. Nikampanga Nanyokie ubavu, kichwa kimegeuka ili sikio lake lenye mkato, alama anayoijua mzee, lionekane. Pembeni yake nikamweka yule ndama mweupe, na mbele yao mbuzi mweusi aliyeshikwa na Yeyo. Lomayani akauliza mbuzi wa nini.

"Ni mashahidi. Mweupe akitoka mweupe na mweusi akitoka mweusi, mwekundu hana pa kukimbilia."

Hapo ndipo alipocheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikapiga mkanda wote. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mbele, nyuma, na yeye Lomayani ameegemea.

Mjini, saluni

Lori la nyanya lilitufikisha Arusha Alhamisi mchana, na mimi nimekaa juu ya matenga kamera mapajani. Tukaenda moja kwa moja kwa mwenye mashine ya rangi. Duka lina giza. Umeme umekatika, utarudi usiku, labda.

Ukuta wa pili kuna saluni ya Mama Salma, na Mama Salma ana jenereta. Nikaingia. Wanawake wamekaa mstari mmoja chini ya yale makofia ya kukaushia nywele.

"Mama Salma, naomba umeme."

"Na mimi naomba mume mwema. Kaa foleni."

"Jenereta haibebi makofia na mashine ya picha pamoja. Nataka uzime makofia."

Kelele zilizotoka humo sitaziandika. Nikasimama katikati nikasimulia yote, mguu, dole gumba, ng'ombe mwekundu aliyetoka mweupe, na Lomayani mlangoni na vumbi lake mpaka kwenye kope. Dada mmoja mwenye rola kichwa kizima, aliyekuwa na harusi jioni ile, akainua mkono akazima kofia lake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Ng'ombe kwanza. Lakini nikienda harusini kichwa kibichi, fundi, picha zangu unapiga bure."

Tukapitisha waya dirishani. Fundi wa mashine ni kijana wa kukodolea macho taa zake tu, na mashine zile zina tabia ya kujisahihishia rangi. Picha ya kwanza ikatoka Nanyokie ni kahawia ya chai. Nikamwambia aiache. Anza na ndama, nikamwambia, ndama awe mweupe. Akageuza vifundo. Sasa mbuzi awe mweusi, asiwe bluu. Akageuza. Wanawake wamejazana dirishani na rola zao, kila mmoja anatoa maoni. Picha ya nne ikateleza nje. Lomayani aliichukua bado ina joto, akaiangalia, akasema kwa Kimaasai neno ambalo sikulijua na sikuhitaji kulijua.

Nkoaranga, mara ya pili

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa amebadilika. Macho yameingia ndani, midomo mikavu. Mama Elibariki alikuwa anamlisha uji na uji unarudi. Yule wa plasta hakutania safari hii.

Nilitaka kumpa picha mimi. Kisha nikampa Lomayani, akampa baba yake kwa mikono miwili.

Mzee alizitazama moja moja. Alitafuta sikio. Aligeuza picha akatazama mgongoni kwake, akaigeuza tena. Alikaa na ile ya ubavu wa kushoto mpaka muuguzi akapita mara mbili. Daktari alisimama mlangoni.

"Amekonda," mzee akasema mwishowe.

"Majani yamekwisha kwetu, baba. Tumewahamishia Ngarenanyuki."

"Wote?"

"Wote."

"Ukatembea nao mwenyewe?"

"Binamu zangu na mama walitangulia. Mimi nilikuwa na huyu fundi."

Mzee akanigeukia. "Nani alikufundisha kazi hii?"

"Nimejifundisha mwenyewe, mzee."

"Hm," akasema. Akanyoosha kidole gumba kwa daktari, hewani, bado karatasi haijaletwa.

Walimkata asubuhi ileile. Mimi na Lomayani tulikaa nje kwenye nyasi, tunashindwa kula ndizi za dada yake. Niliwahi kungoja mikanda isafike gizani, lakini ile ilikuwa mchezo. Mama Elibariki alikuwa anaimba wimbo wa kanisani chinichini, anarudia ubeti mmoja tu. Daktari alipotoka alikuwa anavua glovu, na kabla hajafungua mdomo nilishaona usoni mwake kwamba amefika kwa wakati.

Tuliruhusiwa kuingia mchana. Mzee alifumbua macho taratibu. Alitazama dari, akamtazama binti yake, akatazama chini pale shuka lilipolala bapa. Halafu akamwona Lomayani amesimama miguuni mwa kitanda, na uso ukakunjamana kabisa.

"Ng'ombe wako na nani?"

"Wako na mama, baba."

"Sasa wewe hapa unafanya nini? Nenda kwako, kachunge."

Lomayani alikuwa tayari amechukua fimbo yake. Sikuweza kumfuata mwendo. Nilipofika chini barabarani alikuwa ameshapata lori.